Fundo la Usenge

"Nirudishie pampu yangu, Mujahid! Nirudishie leo, hapa hapa, watu wakiona!"

"Mama Byron, pampu yako imo ndani ya gari lako. Fungua boneti uitazame."

"Hiyo si yangu! Yangu ilikuwa inapanda mlima wa Maseno ikiimba. Hii uliyonitilia inapanda ikikohoa kama mzee mwenye pumu!"

Asubuhi hiyo kituo cha Kisian kilisahau kazi. Akina mama wa mboga waliacha sukuma wiki zikinyauka juani. Opondo kinyozi alitoka mbio akamwacha mteja kitini, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado msitu, na mteja mwenyewe akamfuata nje akiwa na kitambaa shingoni, maana ugomvi wa majirani haufai kusimuliwa, hufaa kuonwa. Katikati ya uwanja wa gereji alisimama Maximilla, mikono kiunoni, leso imefungwa kibwebwe. Sauti ile aliyozoea kuitia wateja wa samaki, leo alikuwa akiitangazia aibu ya jirani. Mbele yake alisimama Mujahid, fundi wa magari, spana mkononi na oili hadi viwikoni, akimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa ndoo ya maji.

"Mimi nimekutengenezea gari hili tangu marehemu mumeo yuko hai," Mujahid alisema kwa upole. "Pampu ilikuwa imechoka, nikakuwekea mpya. Ya zamani nilikukabidhi mkononi. Umesahau?"

"Nilikabidhiwa chuma. Mimi nitajuaje ni chuma cha gari ya nani?" Maximilla aligeukia umati. "Tangu mkono wake uguse hii gari, imekuwa ya kuzima barabarani. Inakwenda vizuri, halafu ghafla nguvu inaisha. Nakanyaga mafuta, hakuna. Inalia kidogo, inazima. Nikikaa kando ya barabara nikipigwa na jua, inawaka tena kama haikuwa na shida. Hiyo ni gari ama ni jini?"

Umati ukacheka. Opondo akacheka kuliko wote.

"Gari linalozima na kuwaka lenyewe haliponi kwa kuletwa hapa likiwa zima," Mujahid alisema. "Kila ukilileta linanguruma kama simba. Mgonjwa hapelekwi kwa daktari homa ikishashuka. Siku litakapozima, usifungue kitu, usiguse kitu. Niite nilikute likiwa bado mgonjwa."

"Nikuite uje umalizie? Na mafuta pia uje umalizie, ile ulikuwa unanyonya usiku kwa mpira?"

Kicheko kilikatika kama uzi. Kumwambia fundi kwamba hajui kazi ni jambo la kila siku. Kumwita mwizi mbele ya wateja wake ni kumwekea kufuli mlangoni. Mujahid aliishusha spana polepole juu ya ngoma tupu ya oili. Nyuma yake, kando ya ua wa mnyaa uliotenganisha nyumba hizo mbili, mkewe Zeituni alikuwa amesimama na unga wa chapati mikononi. Alimtazama tu Maximilla, na Maximilla akakwepesha macho.

"Wahenga hawakukosea," Maximilla alimalizia. "Kikulacho ki nguoni mwako! Adui wa mtu hatoki Nairobi. Anakaa hapo ng'ambo ya ua, anakula chakula chako."

Akapanda pikapu yake, akaiwasha. Kwa kiburi ambacho magari makuukuu huwa nacho, ikawaka mara moja, ikaondoka bila hata kikohozi.

Pikapu hiyo ilikuwa Pijo ya kijani iliyopauka, ya miaka ile ambayo magari yalitengenezwa kwa chuma cha kweli. Mumewe Maximilla alifariki ikiwa bado inadai matairi, na wengi walimshauri mjane aiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Alikataa. Alijifunza kuiendesha, akaanza kufuata samaki, omena na mbuta, kule Usenge, ufuoni alikozaliwa, na kuwasambazia wenye hoteli kutoka Kisumu hadi Maseno. Gari hilo ndilo lililomsomesha mwanawe Byron hadi akapata kazi Nairobi. Maximilla aliliita "mume wa pili", na aliposema hivyo Zeituni alikuwa akicheka hadi anashika mbavu.

Maana hao wawili walikuwa chanda na pete. Ua wa mnyaa ulikuwa na pengo, na pengo hilo lilikuwa limelainishwa na miguu yao. Idd, pilau lilipita hapo kuelekea kwa Maximilla. Krismasi, kuku alipita hapo kuelekea kwa Zeituni, akiwa amechinjwa na Mujahid mwenyewe ili wote wale kwa amani. Siku za kawaida zilipita bakuli. Na kwa kuwa katika nyumba zenye heshima bakuli la jirani halirudi tupu, bakuli liliendelea kwenda na kurudi mwaka baada ya mwaka, hata haikujulikana tena deni la mboga lilianza kwa nani.

Sasa bakuli moja la Zeituni, la bluu lenye maua, lilikuwa limekwama juu ya kabati la Maximilla. Lilimtazama kila asubuhi alipokuwa akinywa chai.

Mambo yalianza kuharibika mwishoni mwa mvua za masika. Jioni moja Maximilla alitoka Usenge mvua ikimwagika kama iliyokatiwa kamba, akatia mafuta Bondo akiwa amevaa koti lake la mvua la manjano, akafika nyumbani amelowa hadi kwenye mfupa. Aliegesha gari kando ya ua, akatundika koti nyuma ya mlango, akalala. Asubuhi mdomo wa tangi ulikuwa wazi. Kifuniko hakikuwapo.

Alikitafuta chini ya gari, akakitafuta kwenye majani. Opondo, ambaye duka lake la kinyozi lilikuwa ng'ambo ya njia na ambaye mdomo wake nao haukuwa na kifuniko, alikuja kusaidia kutafuta.

"Mama Byron," alinong'ona akitazama gereji kwa pembe ya jicho, "mimi sisemi kitu. Lakini kifuniko hakina miguu. Na ni nani hapa ako na mipira ya kunyonya mafuta? Mimi sisemi kitu."

Asemaye hasemi kitu ndiye husema yote. Maneno ya Opondo yalikuwa kama moshi wa kukaushia samaki: huyaoni yakiingia, lakini baadaye nguo nzima inanuka. Siku hiyo Maximilla aliona mshale wa mafuta umeshuka zaidi ya alivyodhani. Hakukumbuka kwamba jana yake alikuwa ameendesha safari nzima ya kutoka Bondo kwa gia ya pili, kwa sababu ya matope.

Kifuniko kipya hakukitaka. Kifuniko cha dukani, alijiambia, yeyote anaweza kukifungua na kukirudisha. Yeye alikuwa binti wa Usenge. Utotoni alikuwa amewaona wajomba zake wakibeba jerikeni za petroli za mashine za mitumbwi kutoka barabarani hadi majini: mdomo unafunikwa plastiki nzito, unazungushwa utepe wa mpira wa tyubu ukivutwa mpaka unalia, halafu unafungwa fundo ambalo mtu asiye wa ufuoni akilifungua hawezi kulirudisha lilivyokuwa. Tone la maji haliingii, harufu ya petroli haitoki. Maximilla akafunga tangi lake vivyo hivyo. Kila alipotia mafuta alilifungua mwenyewe na kulifunga mwenyewe. Kila asubuhi alilikagua fundo. Lilikuwa kama alivyoliacha, na bado moyo wake haukutulia, maana mtu akishaamua kwamba jirani ni mwizi, hata fundo lisiloguswa huwa ushahidi: ameogopa tu, atakuja kesho.

Wiki hizo hizo Mujahid alimbadilishia pampu. Na wiki hizo hizo gari likaanza kukosa nguvu.

Alilipeleka Kisumu kwa mafundi wasiomjua. Wa kwanza alisafisha kabureta, wa pili akabadilisha plagi, wa tatu akasema kwa uso mkavu kwamba gari limechoka na linahitaji kuombewa. Kila mmoja alimwambia kwanza atie petroli kidogo ili walijaribu, na kila walipolijaribu lilikimbia kama swara. Naye alirudi nyumbani akishukuru. Na safari iliyofuata ya mbali, au mlima uliofuata, likazima. Ndipo alipokata shauri kwamba kama kabureta ni safi na plagi ni mpya, basi kilichobaki ni pampu. Na kama ni pampu, basi ni Mujahid. Ndiyo maana asubuhi ile aliingia uwanja wa gereji akiwa amefunga kibwebwe.

Baada ya ugomvi ule, Kisian iligawanyika. Magari yaliyokuwa yakipanga foleni kwa Mujahid yalianza kupita yakielekea mjini. Mujahid alikaa juu ya tairi mchana kutwa akifuta spana zilizokuwa safi. Zeituni alipanda kichaka cha mnyaa katika lile pengo. Maximilla alikiona kimepandwa, akaingia ndani, akafunga dirisha la upande huo. Jioni hiyo akaliongezea tangi plastiki safu ya pili, akavuta mpira kwa goti.

"Nione sasa," alisema peke yake.

Gari likazidi kuugua. Zamani lilikuwa likizima mara moja moja. Sasa halikuweza kumaliza kipande kirefu cha barabara bila kugonga mwamba. Na shida, kama kawaida yake, haikuja peke yake. Winny, mwenye hoteli kubwa Maseno iliyolisha wanafunzi na wahadhiri, alikuwa amechelewa kupata samaki mara nyingi mno. Alimpigia Maximilla simu.

"Mama, mimi nakupenda, lakini wanafunzi hawali upendo," Winny alisema. "Ijumaa nina sherehe. Samaki wasipofika kabla ya moto kuwashwa, nitaanza kuchukua kwa mtu mwingine. Usinilaumu."

Winny ndiye aliyekuwa nguzo ya biashara yote. Wengine walinunua kilo mbili leo na kesho wakapotea. Winny alinunua mwaka mzima. Kumpoteza yeye kulikuwa sawa na kuipeleka Pijo kwa wanunuzi wa vyuma chakavu na kuomba Byron atume pesa za unga.

Ijumaa Maximilla aliamka kabla ya jogoo. Usenge alichagua mbuta wazuri, akawalaza juu ya barafu, akafika Kisian bila kuzimikiwa ila mara moja, akaanza kuupanda mlima wa Maseno akilisemesha gari kama anayembembeleza mtoto kunywa dawa. "Panda, baba. Panda tu. Leo tu." Walipita kona ya kwanza. Walipita ya pili. Katika ile ya tatu, mahali ambapo mawe makubwa yanachungulia kutoka kando ya barabara, nguvu ikaanza kuvuja. Alikanyaga. Akashuka gia. Gari likatetemeka, likalia kilio chembamba, likazima.

Alivuta breki ya mkono, akaweka mawe nyuma ya magurudumu. Maji ya barafu yalikuwa yameanza kudondokea lami. Alisubiri kama ilivyokuwa desturi, akaliwasha. Likasogea hatua chache likafa tena. Safari hii halikutaka hata kubembelezwa. Malori yalipita yakimpigia honi. Maximilla aliketi juu ya ukingo wa barabara, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi ya mumewe akahisi kwamba hana mtu.

Siku litakapozima, usiguse kitu. Niite.

Alitoa simu. Namba ya Mujahid aliiona, kidole kikagoma. Angeanzia wapi? Akaitafuta nyingine. Iliita muda mrefu.

"Naam," sauti ya Zeituni ilisema, baridi kama barafu ile iliyokuwa ikiyeyuka.

"Mama Amirah... ni mimi. Gari imezima mlimani. Niko na samaki ya Winny. Sijagusa kitu."

Maximilla alisikia chapati ikichomeka upande wa pili.

"Anakuja," Zeituni alisema, akakata.

Mujahid alifika nyuma ya bodaboda, na mfuko mdogo wa vifaa mapajani. Alimsalimu kwa kichwa. Hakufungua boneti. Alilizunguka gari taratibu, mikono nyuma, kama mtu anayetazama ng'ombe wa mahari.

"Nieleze. Usiruke kitu."

Maximilla akaeleza. Kwamba mjini linakwenda, safari ndefu linazima. Kwamba mlima ndio mbaya zaidi. Kwamba asubuhi au mchana ni mamoja.

"Na ukitia mafuta?"

"Linapona."

"Hata kama yaliyokuwemo bado ni mengi?"

Maximilla alifikiri. Swali hilo hakuwa ameulizwa na mtu. "Hata kama ni mengi. Ndiyo. Linapona pale pale."

"Basi halikuwa na njaa ya mafuta," Mujahid alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Kuna kitu kingine unakifanya ukitia mafuta." Akaenda ubavuni, akainama kwenye mdomo wa tangi. Akaliona fundo.

Plastiki ilikuwa imebonyea ndani kama shavu la mtoto anayenyonya. Mujahid alitia bisibisi chini ya mpira, akaulegeza.

Tangi likavuta pumzi.

Hakuna neno jingine la kulieleza. Fyuuuuuuu: mlio mrefu, wa ndani, kama wa mtu aliyezamishwa ziwani akaibuka juu dakika ya mwisho. Kijana wa bodaboda alirudi nyuma hatua moja. Mlio ulipokwisha, Mujahid alimpa Maximilla ishara. Akapanda, akawasha. Pijo ikanguruma kama siku ile mumewe alipoileta nyumbani.

"Pampu inayavuta mafuta," Mujahid alisema, "na mafuta yakitoka, lazima hewa iingie kushika nafasi yake. Isipoingia, tangi nalo linavuta kurudisha. Huku pampu, huku tangi, mafuta yamekaa katikati kama mtoto wa wazazi wanaogombana. Gari likisimama, hewa kidogo inajipenyeza, linawaka. Kifuniko chake cha asili kina kitundu kidogo cha kupumulia. Hiki chako," akaugusa mpira, "hakina. Fundo hili ni la wavuvi. Nimetengeneza mashine zao, nalijua. Huko Usenge, mtumbwi ukishaingia majini, mashine huwa inaendeshwa jerikeni ikiwa imefungwa hivi?"

Maximilla alikuwa ameziona jerikeni zikibebwa ufuoni maisha yake yote. Lakini mwanamke wa ufuo hupokea samaki. Hapandi mtumbwi kwenda kuvua. Linachofanyiwa fundo lile baada ya nchi kavu kupotea machoni, hakuwahi kukiona.

"Sijui," alisema. "Sisi hatuingii."

"Wakishaketi, kitu cha kwanza ni kulilegeza. La sivyo wangekuwa bado wanapiga makasia hadi leo." Alikuwa karibu kutabasamu. Kisha akaona safu ya pili ya plastiki, mpya, inang'aa. Tabasamu likarudi lilikotoka. "Mama Byron, fundo kali kiasi hiki ulimfungia nani?"

Maximilla alitazama viatu vyake.

Mujahid hakungoja jibu. Alitoboa plastiki kwa ncha ya msumari, akaufunga mpira kwa ulegevu. "Liache lipumue. Nenda, samaki hawasubiri." Akapanda bodaboda akashuka mlima, hakugeuka.

Samaki walifika kwa Winny moto ukiwa bado ni kuni. Winny alimkumbatia, akamwagizia na wa wiki iliyofuata. Lakini furaha ilimkaa Maximilla kama nguo ya kuazima. Pampu ilikuwa nzuri. Alikuwa amemtukana mtu bure mbele ya kituo kizima. Njiani kurudi alijipa faraja moja tu, akaing'ang'ania: sawa, pampu nilikosea. Lakini kifuniko? Kifuniko hakina miguu. Hata Opondo alisema.

Alipofika nyumbani, mawingu yalikuwa yameinama juu ya ziwa. Alikuwa amebakiza mbuta mmoja mnono. Alimtazama samaki, akalitazama bakuli la bluu juu ya kabati, akaingia jikoni. Akamkaanga, akamtia nyanya na kitunguu, akampakua bakulini. Ataomba msamaha wa pampu, alijiambia. Ya kifuniko tutayanyamazia. Mvua ikaanza kupiga mabati. Akachukua lile koti la manjano nyuma ya mlango, ambalo halikuwa limeguswa kiangazi chote, akalivaa, akatia mkono mfukoni kulikung'uta vumbi.

Vidole vyake vikakuta kitu cha chuma, cha mviringo.

Alisimama hapo mlangoni. Bondo ikamrudia yote kwa mpigo: mvua, mhudumu wa petroli akipiga kelele "Mama, shika hii isianguke," yeye akikidumbukiza mfukoni, akijiambia atakifunga akimaliza kufunika samaki. Kifuniko kilikuwa kimelala umbali wa hatua chache kutoka kitanda chake. Kilining'inia pale siku alipofunga fundo la kwanza, na siku alipoongeza la pili, na asubuhi ile alipokwenda kumwita mtu mwizi.

Choo cha shimo kilikuwa nyuma ya nyumba. Hakuna aliyeona. Kifuniko kingezama, na maneno ya Opondo yangebaki kuwa kweli, na yeye angebaki kuwa mtu aliyekosea jambo moja badala ya mawili. Alikiwaza choo hicho kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa kukiri.

Kisha akakiweka kifuniko bakulini, juu kabisa ya samaki, akatoka.

Mvua ilikuwa imewakusanya watu wote wa kituo chini ya baraza la Opondo: akina mama wa mboga, watu wa bodaboda, na hata yule mteja wa siku ile, safari hii amenyolewa kichwa kizima. Maximilla angeweza kupita upande wa pili. Alisimama mbele yao, maji yakimtiririka.

"Opondo!"

"Naam, Mama Byron! Umelowa, ingia!"

Alikiinua kifuniko juu, kimetapakaa mchuzi. "Hiki hapa. Kilikuwa mfukoni mwangu. Mujahid hakuiba mafuta yangu, hakuiba pampu yangu, hakuiba kitu. Gari nilikuwa nainyonga mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Mlinisikia nikimtukana, basi mnisikie na sasa. Na wewe Opondo, ambaye husemi kitu: hebu lisemee na hili."

Opondo alikuna kichwa, akatazama wembe wake. "Wololo," alisema hatimaye kwa sauti ndogo. "Kumbe."

Pengo la ua lilikuwa limezibwa. Maximilla hakukivuka kichaka. Alizunguka barabarani, kama mgeni, akabisha hodi mlangoni. Zeituni alifungua. Nyuma yake Mujahid alikuwa ameketi mkekani mbele ya sinia la wali, mkono umesimama hewani. Kelele za barazani zilikuwa zimewafikia. Hata neno moja halikuwapita.

Maximilla alinyoosha bakuli kwa mikono miwili. Maneno aliyokuwa ameyapanga njiani yalikuwa yamesombwa na mvua.

"Halijarudi tupu," alisema tu, na machozi yakachanganyika na maji.

Zeituni alitazama bakuli. Akakitazama kifuniko cha tangi kimekaa juu ya samaki kama kofia ya chifu. Alijaribu kukaza uso, midomo ikamkataa. Kicheko kilimtoka, kile kile cha kushika mbavu, na kilipokwisha alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya leso.

"Baba Amirah," alisema akigeuka, "umewahi kuona samaki anayetumia petroli?"

Mujahid alikichukua kifuniko, akakifuta mchuzi kwa kidole gumba, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akachungulia kile kitundu chake kidogo cha kupumulia. "Kizima," alisema. "Kesho nitakifunga mwenyewe. Na kile kichaka nitaking'oa, kinaziba njia." Akasogea upande mmoja wa mkeka, pakawa na nafasi ya mtu.

Maximilla alikuwa bado kizingitini, anachuruzika, haoni kama anastahili kukanyaga ndani. Zeituni alimshika mkono.

"Livue hilo koti uliache huko nje, dada, uingie tule, wali unapoa. Wewe mwenyewe ulitukumbusha mbele ya watu: kikulacho ki nguoni mwako."